Nani Anaona Nini: Mwanga katika Filamu ya Taharuki

Walimu wangu, na ninyi vijana ambao muda si mrefu mtakuwa mitaani na kamera mkipiga filamu zenu za kumalizia masomo, nawasalimu nyote. Ahsanteni kwa kunialika.

Nimeambiwa wengi wenu mmechagua taharuki. Nimefurahi, maana hiyo ni aina ya filamu isiyodai fedha nyingi. Haitaki magari ya kulipuliwa wala umati wa watu. Chumba kimoja, watu wawili na mlango usiofunga vizuri vinatosha. Ila inamdai mwongozaji ajue, sekunde kwa sekunde, mtazamaji anafahamu nini na mhusika anafahamu nini. Chombo kikubwa cha kugawa ufahamu huo ni mwanga. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoyataja yanalitumikia hilo.

Nalisema kwa sababu filamu nyingi za wanafunzi ninazoonyeshwa zinachukulia kwamba taharuki maana yake ni giza. Taa zinazimwa, picha inapakwa buluu kwenye kompyuta, kisha mtu anatembea ndani ya ile buluu kwa dakika tatu. Uso wake hatuuoni, aendako hatukujui, wala hatujui tumwogopee nini. Mtazamaji anayepata taabu ya kuona hashikwi na hofu. Anachoka tu.

Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyehamia Hollywood mwaka 1939, alikuwa akieleza taharuki kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila mtazamaji kujua kwamba lilikuwepo, umempa sekunde 15 za mshtuko. Ukimwonyesha bomu kwanza, halafu ukawaacha waliokaa pale mezani waendelee na maongezi yao, umempa dakika 15 za roho mkononi. Mfano huu mmeshausikia darasani. Ninachowaomba mkitazame leo ni kwamba ili mtazamaji alione lile bomu, lazima mtu awe amelimulika. Taharuki yote ile imeanzia kwenye kitu kilichowekewa mwanga.

Tazameni alivyofanya mwenyewe katika Suspicion ya mwaka 1941. Mke anashuku kwamba mumewe anataka kumuua. Usiku, mume huyo, anayeigizwa na Cary Grant, anapanda ngazi kumpelekea glasi ya maziwa. Ukutani vivuli vya dirisha vimetanda, na mwili wa mume umemezwa na giza. Lakini maziwa yanang'aa. Hitchcock aliagiza balbu iwekwe ndani ya glasi, na kila mtu ukumbini akawa anatazama maziwa na kujiuliza lile swali moja: yana sumu? Hakuna anayeuliza mwanga ule umetoka wapi. Ameona kile alichotakiwa kukiogopa, na yule aliyekibeba amefichwa.

Miaka 13 baadaye, katika Rear Window, alifanya kinyume. Karibu na mwisho, mshukiwa amekaa peke yake nyumbani kwake, taa zimezimwa. Tunachokiona ng'ambo ya uwanja ni ncha ya sigara yake tu, inayong'aa anapovuta na kufifia anapopumzika. Nukta moja ya moto, na tayari tunajua yupo ndani na yuko macho. Kisha anavuka kuja kwa mpigapicha aliyemgundua, ambaye hawezi kukimbia kwa sababu mguu wake umefungwa plasta. Silaha pekee ya mpigapicha ni balbu za flashi. Anawasha moja, muuaji anapofuka kidogo na kusimama. Anabadilisha balbu, muuaji anasogea tena. Pale mwanga umekuwa ngao na umekuwa saa, kwa sababu kila balbu inayoungua inampunguzia mtu muda wa kuishi.

Sasa tuiache Hollywood, twende Mbagala.

Chukulieni nyumba ya kupanga, ile tunayoijua sote: korido katikati, vyumba pande mbili, choo na jiko uani. Msichana, tumwite Rehema, amebaki peke yake usiku kwa sababu wapangaji wenzake wamekwenda msibani. Onyesho linaanza taa zote zikiwaka. Anapiga pasi nguo, anaongea na simu, anacheka. Halafu mnakata kwenda kwenye mita ya LUKU ukutani, ile ya umeme wa kulipia kabla, shoti moja ya karibu: yuniti zilizobaki hazifiki moja. Rehema yuko mgongo kwa mita. Hajaitazama.

Hapo bomu liko chini ya meza, na hamjazima hata taa moja. Mnaweza kukaa na ile korido nyeupe, ya kawaida kabisa, dakika mbili nzima. Kila pasi inapowaka kitaa chake chekundu, mtazamaji anahesabu. Msiharakishe pale, tafadhali. Waandishi wengi hukimbilia giza kwa kudhani ndipo filamu inapoanza, kumbe wameshaitupa nusu ya taharuki yao.

Kuna faida nyingine ya kuanza na mwanga mwingi. Jicho la binadamu huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa. Picha ya giza ikitanguliwa na picha angavu, mtazamaji huiona nyeusi kuliko ilivyo. Kwa hiyo hamna haja ya kuizamisha picha yenu kwenye weusi hadi ipoteze kila kitu. Iacheni iwe na uhai ndani yake, mkaona nondo za dirisha na ukingo wa ndoo, na bado atahisi ni giza totoro.

Yuniti zikiisha, umeme unakatika mara moja, kwa hiyo msiufifishe polepole. Watazamaji wenu wanaishi na mita hizo, nao watajua mmewadanganya. Kama hadithi yenu inataka taa ifie taratibu, itafutieni sababu nyingine, na tumieni balbu ya zamani ya waya yenye swichi ya kupunguzia mwanga. Waya ukipoa, mwanga wake unakwenda kwenye wekundu kabla ya kuzimika. Taa nyingi za LED hupungua nguvu tu bila kubadilika rangi, na jicho huukosa ule wekundu hata kama mtu hawezi kueleza amekosa nini.

Giza limeingia. Swali la kwanza la mpigapicha liwe hili: katika nyumba hii, sasa hivi, mwanga gani umebaki? Mimi ningebaki na aina mbili. Ya kwanza ni taa ya ulinzi ya jirani, inayopenya kwenye vitundu vya hewa juu ya mlango wa uani. Ya pili ni tochi ya simu ya Rehema. Pikipiki ipite nje mara moja, basi, na kila kimoja kati ya hivi kipewe kazi.

Taa ya jirani wekeni nje, juu, mbali kiasi, iwe taa moja kali bila kitambaa mbele yake. Ikipita kwenye vile vitundu itachora mraba wa madoa ya mwanga sakafuni, mwisho wa korido. Tochi ya Rehema inamulika mbele anakokwenda, kuelekea mlango wa mbele, na yeye yuko mgongo kwa ule mraba. Kamera iko mbele yake: tunamwona yeye karibu, na nyuma yake, mbali, madoa ya mwanga sakafuni. Sasa kitu kinayapita yale madoa. Yanazimika moja baada ya jingine, kisha yanarudi. Hakuna muziki, hakuna sauti. Yeye hajaona, sisi tumeona.

Halafu pigeni toleo la pili. Tochi imeelekezwa nje ya fremu, kwenye mlango ambao kamera haiuonyeshi. Mwanga unagonga mlango na kurudi usoni kwa Rehema. Tunayaona macho yake yakitulia kwenye kitu, uso wake ukibadilika. Sasa yeye anajua, sisi hatujui. Mahali ni palepale, taa ni zilezile, lakini hofu imebadilika aina, kwa sababu mmebadilisha nani anaona nini. Pigeni yote mawili, halafu amueni na mhariri wenu lipi litangulie.

Pikipiki nayo ni zawadi ya mitaa yetu. Taa ya bodaboda ikipita nje ya dirisha lenye nondo, inasukuma vivuli vya nondo ukutani mwa chumba. Kumbukeni tu kwamba mwanga ukipita nje kutoka kushoto kwenda kulia, vivuli ndani huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu mmoja akitembea na tochi kali nje ya dirisha, kwa mwendo usiositasita, mnapata picha ileile bila kukodi pikipiki wala kuamsha mtaa. Na kwa kuwa vivuli vile vinafagia chumba kizima, vinaweza kumwonyesha mtu aliyesimama kwenye kona kwa nusu sekunde, kisha vikamrudisha gizani.

Vivuli vikubwa ukutani mnavipenda, najua. Vimependwa tangu mwongozaji Mjerumani Murnau alipopandisha kivuli cha Nosferatu, yule mnyonya damu, kwenye ngazi mwaka 1922, vidole vyake virefu vikitangulia. Siri yake ni fizikia ya kawaida: chanzo kidogo na kikali cha mwanga, kikae chini, na mwigizaji awe karibu na taa kuliko alivyo karibu na ukuta. Akiisogelea taa, kivuli kinakua. Taa ikiwa pana, au ikiwa nyuma ya shuka, kivuli kinayeyuka kingo zake na hofu inayeyuka nayo. Tumieni mara moja katika filamu nzima, mahali ambapo kivuli kinafika kabla ya mtu.

Niseme habari ya umbali, maana hapa ndipo bajeti ndogo inapookolewa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Chukueni taa ndogo, iwekeni nusu mita kutoka usoni kwa mwigizaji, na ukuta wa nyuma uwe mita mbili kutoka kwenye taa. Ukuta uko mbali mara nne, kwa hiyo unapata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga unaofika usoni. Ukuta umetoweka, na hamkutumia hata kipande cha kitambaa cheusi. Taa hiyohiyo, yenye nguvu zaidi, wekeni mita nne kutoka usoni na mita tano na nusu kutoka ukutani: ukuta sasa unapata zaidi ya nusu ya mwanga wa uso, na chumba kinaonekana kama studio ya taarifa ya habari. Wengi wenu mnapiga kwenye vyumba vidogo vyenye kuta nyeupe, mnalalamika kwamba mwanga unasambaa kila mahali. Sogezeni taa karibu, punguzeni nguvu yake, na utundikieni kitambaa cheusi ule ukuta unaorudisha mwanga upande wa kivuli.

Kuhusu tofauti ya upande wa mwanga na upande wa kivuli usoni, tamthilia za kifamilia hutosheka na upande mmoja kuwa na mwanga mara mbili ya mwingine. Kwenye taharuki ningekwenda mara nane, yaani stopu tatu, kila stopu ikiwa ni mwanga mara mbili. Lakini isiwe sheria ya filamu nzima. Uso wa Rehema ulioanza na tofauti ya mbili kwenye pasi, ukafika nane kwenye korido, unasimulia safari bila mtu kusema neno.

Na rangi? Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, namba ndogo ikiwa wekundu na kubwa ikiwa buluu: kibatari ni karibu 1900, balbu za studio za waya 3200, mwanga wa jua la mchana 5600. Kamera ikiwekwa 3200, balbu inaonekana nyeupe na mwanga wa mchana unaonekana wa buluu. Kwa hiyo taa ya jirani ikiwa ya 5600 na kamera mmeiweka katikati, tuseme 4000, mtapata ubaridi wa kiasi kutoka nje bila kuipaka buluu filamu nzima baadaye. Ubaridi unahitaji joto la kusimama nalo. Fremu yenye rangi moja tu haina ubaridi wala joto, jicho linaizoea kwa sekunde chache na kuacha kuihisi.

Jambo jingine la kifundi nalipitia haraka. Umeme wetu ni wa mzunguko wa hezi 50. Taa nyingi za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kamera ikiwa kwenye kasi isiyopatana nazo mtaona mistari ikitembea kwenye picha. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde. Kwenye simu, tafuteni programu inayowaruhusu kuweka hivyo kwa mkono, na mfunge kila kitu kinachojirekebisha chenyewe. Hakuna kinachoua taharuki kama picha inayojiongezea mwanga yenyewe katikati ya shoti, eti kamera imeona giza ikataka kusaidia.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ninalolisema sasa linanigusa sana. Ni nyuso zetu.

Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi "sahihi". Vitabu vingi vya taa viliandikwa na watu waliokuwa wakimulika nyuso za aina hiyo, na mafunzo mengi ya mtandaoni bado yanafuata njia hiyo. Mwanafunzi wa hapa akiyachukua kama yalivyo, anaishia na mwigizaji ambaye kwenye onyesho la usiku tunaona meno na macho tu. Halafu anasema kamera haina uwezo. Kamera inao. Mwanga umewekwa vibaya.

Ngozi nyeusi huonekana vizuri zaidi kwa kile inachokiakisi kuliko kwa wingi wa mwanga unaomwagiwa. Ukiielekezea taa ndogo kali kutoka mbele, unapata nukta nyeupe kwenye paji la uso na pua, na kwingine kunabaki kama kulivyokuwa. Chukueni shuka jeupe, au ule ubao mweupe mwepesi unaokuja ndani ya boksi la televisheni, upigeni taa, kisha uwekeni pembeni na nyuma kidogo ya mwigizaji. Sasa shavu lake linaakisi uso mpana wa mwanga, na mnauona mfupa, taya, ukingo wa shingo. Mafuta kidogo ya nazi kwenye ngozi, kiasi cha kulainisha tu, yanafanya kazi kubwa kuliko taa ya pili. Poda ya kukausha uso iacheni nyumbani siku hiyo. Mtu mweusi aliyesimama gizani anaweza kuchorwa kwa mstari mmoja wa mwanga kutoka sikioni hadi begani, akawa mzuri na wa kutisha kwa pamoja, na hilo ni utajiri wetu. Lisiitwe tatizo la kutatuliwa.

Pia pimeni mwanga kwenye uso. Mkiiachia kamera ipime fremu nzima, na nyuma kuna ukuta mweupe, itaupunguza ukuta na kumzamisha mtu.

Na macho. Ile nukta ndogo ya mwanga kwenye mboni ndiyo inayotuambia mtu anawaza. Mpeni yule mnayetaka tumwamini: kitaa kidogo karibu na lenzi kinatosha. Mnyang'anyeni yule mnayetaka tumtilie shaka. Mpigapicha Gordon Willis alipopiga The Godfather ya mwaka 1972 alimmulika Marlon Brando, aliyeigiza mkuu wa genge la mafia, kutoka juu, macho yakabaki kwenye vivuli vya nyusi, tukawa hatuwezi kumsoma mzee yule anaamua nini.

Sisi mwanga wa namna hiyo tunapewa bure. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Mtu akisimama uani saa sita mchana, macho yake ni mashimo mawili. Kwa nini hatuitumii hali hiyo kwa taharuki? Hitchcock alipotengeneza North by Northwest, iliyotoka mwaka 1959, alichoshwa na ile desturi ya mtu kusubiriwa kwenye kona yenye giza. Akamsimamisha mtu wake kwenye uwanda mtupu wa mashamba, jua kali, hakuna pa kujificha, na hatari ikaja kutoka angani. Ningependa sana mmoja wenu afanye taharuki ya jua la utosi: ua wa saruji, nguo nyeupe kwenye kamba, mgeni amesimama langoni na macho yake hatuyaoni. Kila kitu kiko wazi isipokuwa nia ya mtu mmoja.

Mkitaka jioni, jipangeni, maana sisi wa karibu na ikweta machweo yetu ni mafupi. Tangu jua kuzama hadi mwanga wa angani kuwa hautoshi, mna dakika kama ishirini na kidogo. Fanyeni mazoezi yote mchana, mahali palepale, na muda ule mwigizaji awe anarudia kitu anachokijua tayari.

Usalama, kwa ufupi lakini kwa uzito wote: msiunganishe taa nne za waya kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, msiweke karatasi ya rangi juu ya balbu inayochoma, na kibatari kinachowaka kiwe na mtu wake wa kukisimamia na ndoo ya mchanga karibu. Na kabla ya kupiga usiku, nendeni kwa mjumbe na majirani mwaeleze. Kijana aliyevaa nyeusi akinyata uani kwa mtu saa tano usiku anaweza kuumizwa na watu wasio na kosa lolote.

Mwisho ni skrini. Mnahariri kwenye kompyuta yenye mwanga mwingi, chumba kikiwa na giza, mkaona kila doa la korido. Filamu ikifika kwenye projekta ya ukumbi ambao mapazia hayafungi vizuri, weusi wote unageuka kijivu na yale madoa sakafuni hayaonekani tena. Kwenye simu, ndani ya daladala, ndiyo kabisa. Kwa hiyo kabla ya kufunga rangi, ichukueni ile shoti moja inayobeba siri ya filamu, iangalieni kwenye projekta mtakayotumia, kisha kwenye simu ya bei nafuu mchana. Mpeni mtu ambaye hajaiona na mumwulize kitu kimoja: nyuma ya Rehema, umeona nini? Akisema hajaona kitu, rudini mkaongeze mwanga kwenye yale madoa.

Nina taa moja, shuka na ubao mweupe hapa mbele. Nahitaji mtu mmoja akae kwenye hiki kiti, na wengine msogee karibu na kamera zenu.